Siku Mama Marie-Jeanne Alipokufa kwa Mazoezi

Mjini Butembo, ukitaka kushonewa nguo ikukae kama ulizaliwa nayo, utaonyeshwa kibanda cha Mama Marie-Jeanne, kwenye mteremko unaoshuka kutoka parokiani. Ni mwanamke mfupi, mwenye macho makali na ulimi usiojua likizo. Hampimi mtu mara mbili. Akishakuzungushia futi yake shingoni, mabegani na kiunoni, vipimo vyako vinahamia kichwani mwake na kukaa humo hadi siku utakaponenepa. Ukinenepa, atakutangazia mbele za watu.

Ndiyo maana kila mtu alijua anadanganya aliposema amesahau vipimo vya mwanawe.

Mwana mwenyewe ni Daktari Mbusa, kitinda mimba wake, aliyesomeshwa kwa sare za shule na suti za harusi mpaka macho ya mama yakaanza kumuuma. Anafanya kazi katika hospitali moja ya mjini. Juu ya kazi hiyo, yeye na wenzake wachache wa Butembo na Beni wameunda kikosi cha madaktari wa kujitolea. Lori likipinduka na abiria wake, mlima ukiporomokea nyumba za watu, soko likiungua, kijiji kikivamiwa, ugonjwa mbaya ukizuka, wao huenda. Hakuna anayewalipa. Na pasipo na janga, hukaa wakijitayarisha kwa janga. Mama Marie-Jeanne alidhani kujitayarisha huko ni kunywa chai na kusema Kifaransa kirefu.

Kikosi kilimpa kazi ya kuwashonea vizibao vya rangi ya machungwa, vile wanavyoviita gilets, vyenye neno DOCTEUR mgongoni. Pamoja navyo walimwomba tepe nyingi za kitambaa, za kijani, za njano, nyekundu na nyeusi. Tepe alizimaliza haraka, pindo kwa pindo. Vizibao alivishona vyote isipokuwa kimoja. Vipande vya kizibao cha Mbusa vilikuwa vimekunjwa chini ya mashine, na juu yake paka alikuwa amejipatia kitanda.

"Mama, gilet yangu iko wapi?" Mbusa aliuliza.

"Uzi ilikwisha."

"Uzi ya bengine ilitosha, ya yangu njo ilikwisha?"

"Njo vile," akajibu, kwamba ndivyo hivyo. "Na tena sijue kama uko mutu wa ukubwa gani."

Mbusa hakubishana. Alimtoa paka kwa upole, akavitazama vile vipande, akamrudisha paka. Sababu aliijua, na sababu ilikuwa na jina: Kambere.

Kambere alikuwa kaka wa Mama Marie-Jeanne, muuguzi katika kituo kidogo cha afya upande wa Mangina. Mwaka ule wa 2018, ugonjwa ulipoanza na kabla mtu yeyote hajaupa jina lake la Ebola, aliletewa mama mmoja mgonjwa hoi. Kambere alimpokea kwa mikono mitupu, akambeba, akamfuta matapishi, akamlaza kitandani kama dada yake wa tumbo moja. Hakuwa mzembe. Alikuwa mtu mwema aliyekutwa na jambo ambalo hakuna aliyemtayarisha nalo. Ugonjwa ukampata naye, akafa, akazikwa na watu waliofunikwa toka utosini hadi miguuni, na dada yake akasimama mbali, nyuma ya kamba, bila hata kumgusa mkono. Tangu siku hiyo Mama Marie-Jeanne aliamini jambo moja: daktari anayekimbilia taabu za watu harudi nyumbani. Na Mbusa alikuwa na sura ya mjomba wake, mpaka ile namna ya kukunja mikono ya shati.

Sasa kikosi kilikuwa kinahamia Beni kwa muda, kikae karibu na barabara na vijiji, tayari kuitwa. Mbusa alikuwa amemwambia mama yake wazi: "Bila baraka yako sitaenda." Hakusema kwa kumtega. Katika nyumba zao mtu haondoki kwenda kwenye hatari akiwa ameacha mama amenuna. Kwa hiyo uamuzi wote ulikuwa umelala chini ya paka.

Kabla ya safari, madaktari walipanga mazoezi makubwa katika uwanja wa shule ya parokia. Walihitaji majeruhi, na akina mama wa kwaya wakakubali kwa furaha, maana ni wapi tena mwanamke wa Butembo ataruhusiwa kulala chini asubuhi bila kuitwa mvivu? Mama Marie-Jeanne alikwenda pia. Alisema anakwenda kusaidia. Ukweli ni kwamba alitaka kukiona kwa macho yake hicho kinachotaka kumnyang'anya mtoto.

Mkuu wa kikosi, Daktari Ananie, mzee mrefu mwenye filimbi shingoni, aligawa majeraha kama mtu anayegawa mkate. Habari yenyewe ilikuwa hivi: lori limetoka Kasugho, limebeba magunia ya viazi na watu juu yake, limepinduka. Madawati ya shule yaliangushwa huku na huku yawe lori. Damu ilikuwa nyanya ya kopo iliyochanganywa na mafuta ya mawese, na akina mama walilalamika kwamba doa hilo halitoki. Solange, rafiki wa Mama Marie-Jeanne tangu katekisimu, alipewa mkono uliovunjika. Bénie, msichana wa sauti ya juu katika kwaya, alipewa tumbo linalovuja damu kwa ndani, na akaambiwa asilie, awe kimya tu na anyong'onyee. Mama Marie-Jeanne aliomba mguu uliotenguka, apate kukaa karibu na Solange wazungumze.

"Hapana, Mama," Ananie akasema. "Weye utalala pale karibu na ukuta. Haupumue."

"Sipumue kabisa?"

"Utapumua kidogo, kwa kujificha. Na usiamuke mpaka utasikia sifflet."

"Hata nyoka ikipita?"

"Hata nyoka, Mama."

Alikubali, na Mama Marie-Jeanne akishatoa neno lake, limetoka. Akajilaza chini ya ukuta, akafumba macho, lakini akaacha ufa mwembamba kati ya kope. Kupitia ufa huo aliona kila kitu ninachowasimulia.

Alitazamia kuona watu wakikimbia. Kelele zilikuwa nyingi mno: kina mama walikuwa wanaugua kwa vipaji ambavyo kwaya haikuwahi kuvitumia. Lakini kikosi kiliingia langoni kikitembea, kisha kikasimama. Mbusa alikuwa mbele, na yeye peke yake hakuwa na kizibao, amevaa shati lake la kazi. Solange alimwita kwa jina, akamlilia kama anayemlilia Mungu. Mbusa hakwenda. Aliangalia kwanza ardhi, akaangalia nyaya za umeme, akaangalia ukuta kama utaanguka, akaangalia upepo unatoka wapi. Halafu akatoa glavu mfukoni, akazivaa polepole, kidole kwa kidole, huku watu wakipiga mayowe mbele yake.

Hapo Mama Marie-Jeanne alisahau kujificha, akavuta pumzi nzima. Hizo glavu. Hicho kitambo kidogo cha kusimama na kuangalia. Kambere hakuwahi kupewa hicho.

"Batu benye banaweza kutembea," Mbusa akaita, "mukwende kule ku miti. Mushikane mikono."

Sauti hiyo hakuifahamu. Haikuwa kali, haikuwa ya kubembeleza, lakini watu wenye mikono iliyovunjika walijikuta wamesimama na kuelekea kwenye mikaratusi wakishikana, Solange akiwa nyuma kabisa kwa sababu alipenda kulala. Wenye nguvu ya kulia waliachwa kwa muda, maana anayelia anapumua. Mbusa akaanza na wale walionyamaza.

Alikuwa anainama, anasikiliza, anagusa, anafunga utepe, anainuka. Hakukaa popote. Kijani, njano, njano, nyekundu. Mama aliziona tepe zake zikitoka mfukoni na kupata maana moja baada ya nyingine. Alizishona akidhani ni za kufungia maboksi ya dawa. Kumbe nyekundu ni "huyu sasa hivi", njano ni "huyu anaweza kungoja", kijani ni "huyu atapona hata tukichelewa". Nyuma yake wenzake walikuwa wanafuata rangi tu, wanabeba mwekundu kwanza bila kuulizana. Uwanja uliokuwa vurugu tupu ulianza kupangika mbele ya macho yake, na aliyekuwa akiupanga ni mtoto aliyekuwa akiogopa jogoo.

Kisha akafika kwake.

Akapiga magoti. Akaweka vidole viwili shingoni mwa mama yake na shavu karibu na mdomo wake. Mama akabana pumzi. Mbusa akamwinua kidevu kidogo, njia ya hewa ifunguke, akangoja. Hakuna kitu. Akatoa utepe mweusi, akamfunga kwenye kifundo cha mkono. Kitenge cha mama kilikuwa kimepanda juu ya magoti alipolala, naye Mbusa akakishusha, akamfunika vizuri, akainuka na kwenda kwa mwingine.

Niseme kweli, kwanza ilimuuma. Ilimuuma vibaya. Nimembeba mgongoni, aliwaza, nimemshonea nguo ya ubatizo kwa mabaki ya shela ya mtu, na amenipita kama gunia la viazi. Machozi yakamjaa chini ya kope na hakuweza kuyafuta, maana maiti hajifuti. Lakini kupitia machozi alimwona Mbusa akifika kwa Bénie. Bénie alikuwa kimya, kichwa kimeangukia bega, na mtu yeyote mwingine angedhani amelala. Mbusa alimgusa tumbo mara moja, akafunga nyekundu, akainua mkono, na machela ikaja mbio. Mama Marie-Jeanne akaelewa. Kama mwanawe angekaa pale ukutani kumlilia mama yake, Bénie angekufa. Bénie ana mama pia, yule anayeuza mkaa karibu na daraja. Akaogopa kama mtu anavyoogopa ndani ya kanisa wakati wa mageuzo, wakati kengele ndogo inapolia. Hakujua kwamba mtoto aliyemzaa yeye anaweza kubeba kitu kizito hivyo na bado akakumbuka kumfunika magoti.

Mambo yangeishia hapo, yangekuwa mazoezi mazuri na ripoti ingeandikwa. Lakini madaktari, kwa akili zao zote, walikuwa wamesahau kwamba walikuwa Butembo.

Solange, kule kwenye mikaratusi, aliona utepe mweusi mkononi mwa rafiki yake. Akauliza maana yake. Akaambiwa ni wa aliyekwisha kufa. Alijua kabisa kuwa ni mchezo. Alianza kulia kwa kuigiza, kama mtu anayejaribu wimbo, lakini kilio cha kwetu hakina breki. Aliita jina la Marie-Jeanne, akataja mema yake, akataja na sketi aliyomshonea bure mwaka wa jubilei, na kabla hajamaliza sketi alikuwa analia kweli. Akina mama wengine wakaitikia, kwa maana huwezi kumwacha mwenzio alie peke yake. Sauti ikapanda juu ya ukuta wa shule, ikashuka mteremko, ikavuka bonde.

Na mtaa ukaja. Walikuja wanawake wamejifunga vitenge viunoni, wanaume na majembe mkononi toka mashambani, mafundi seremala na vumbi la mbao kichwani. Mmoja alisema lori la Kasugho limepinduka. Mwingine akasema hapana, ni uvamizi, na neno hilo likapita katika umati na kuwabadilisha watu nyuso. Waliwaona wagonjwa wenye damu. Waliona, chini ya ukuta, Mama Marie-Jeanne aliyewashonea watoto wao sare, amelala na mkono umefungwa utepe mweusi. Wakamkuta mwanawe anashughulika na mtu mwingine.

"Mama yako alikufa na weye uko namupita?" mzee mmoja akamuuliza Mbusa, amemshika shati. "Uko na roho ya namna gani?"

Mbusa alisema ni mazoezi. Hakuna aliyesikia. Alisema tena. Aliyesikia alikasirika zaidi. Kwenye ngazi za darasa Daktari Ananie alitia filimbi mdomoni, akaitoa, akamtazama Mbusa. Hili ndilo ambalo lingetokea siku ya kweli, na hakuna kitabu walichosoma kilicholitaja.

Mama Marie-Jeanne alitaka kuinuka apige kelele: niko mzima, mwachieni mtoto wangu. Filimbi haikulia. Akauma meno, akabaki maiti.

Basi Mbusa aliacha kueleza. Alimshika yule mzee mikono miwili, kama mtu anavyompokea mgeni msibani, akampa pole. Halafu akapaza ile sauti, akianza na wanaume.

"Batata, munajua kazi ya kilio. Mabanc iko pale. Muitoshe ndani ya njia, mupange kila upande, mukae hapo. Katikati ibakie wazi, machela ya bagonjwa ipite. Bamama, tunahitaji maji. Mingi. Na mutu moja akae na kila mugonjwa wa kijani, amuongeleshe asiogope."

Umati ukatulia kwa namna ambayo Mama Marie-Jeanne hajaisahau. Watu hao hawakuwa wametiishwa. Walikuwa wamepewa kazi wanayoijua toka utotoni, kazi ambayo miguu yao ilikuwa inaitafuta tangu waliposikia kilio. Wanaume waliweka chini majembe, wakabeba madawati, wakatengeneza njia safi toka uwanjani hadi langoni, wakaketi pande zote mbili kama wanavyoketi msibani, na hakuna aliyethubutu kuivuka. Wanawake walirudi na madumu ya maji. Machela zilipita katikati haraka kuliko mwanzo. Yule mzee aliyemshika Mbusa shati sasa alikuwa amesimama langoni akiwazuia wapya, mkali kuliko askari. Na Mbusa akarudi kwenye tepe zake pale alipoachia.

Mwekundu wa mwisho alipotoka, Ananie akapuliza filimbi.

Mama Marie-Jeanne, aliyeahidi kutoinuka mpaka filimbi, aliinuka papo hapo. Aliketi wima chini ya ukuta, akarekebisha kilemba, akasema, "Hii baridi itaniua." Wanawake wawili waliokuja kukaa naye waliangusha dumu la maji, na mwingine akakimbia mpaka langoni, ambako mzee hakumruhusu kupita. Solange alipiga magoti, akamkumbatia, kisha akamkaripia kwa kumliza. Kicheko kilipoanza kilichukua muda mrefu kuisha, na wengi walikicheka huku wamelowa machozi.

Alimtafuta mwanawe. Alimkuta nyuma ya darasa la mwisho, kwenye ndoo yenye bomba, ananawa. Glavu alikuwa amezivua na kuzitupa mahali pake. Alikuwa anaisugua mikono tena na tena, maji yanamwagikia viatu.

"Nilijua ni mazoezi," Mbusa akasema bila kugeuka. "Mais shingo yako ilikuwa baridi, Mama."

"Nililala chini, ku baridi ya Butembo, asubuhi yote. Ulitaka ikuwe moto?"

Mbusa alicheka kidogo. Mama alichukua sabuni, akashika mikono ya mwanawe ndani ya maji, akaiosha moja moja, taratibu, mpaka ikatulia. Hakusema neno la baraka.

Jioni hiyo, jua likiwa bado kwenye vilele vya mikaratusi, Mbusa alipita kibandani. Paka alikuwa ametolewa. Vipande vya kizibao vilikuwa mezani, vimepangwa.

"Simama hapa," mama akasema.

"Mesures unazijua."

"Simama."

Akamzungushia futi mabegani, akasoma, akasoma tena. Akampima kifua. Akampima toka shingo hadi kiuno, yeye ambaye hampimi mtu mara mbili, na macho yake makali yalikuwa yanaona ukungu.

"Utavala gants ku mikono mbele ya kugusa mutu?"

"Mbele, Mama."

"Utaangalia pahali kwanza? Hata kama bako nalia? Hata kama bako nakuita kwa jina?"

"Uliniona."

"Nilikuona," akasema, na akaenda kukaa kwenye mashine.

Kikosi kilipokuwa kinaondoka kwenda Beni, gari lilisimama mbele ya kibanda kumchukua Mbusa. Alikuwa amevaa kizibao chake. Kilimkaa mwilini kama amezaliwa nacho, na kilikuwa na kitu ambacho vingine havikuwa nacho: mfuko mdogo kifuani, upande wa kushoto, wenye pindo la kitambaa cha zamani cha rangi ya samawati. Kitambaa hicho kilitoka kwenye koti la kazi la Kambere, ambalo dada yake alilihifadhi miaka yote bila kujua ni la nini. Ndani ya mfuko mlikuwa na glavu, zimekunjwa tayari.

Mama Marie-Jeanne alimchora msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba, polepole, na Mbusa akainamisha kichwa ili amfikie. Daktari Ananie aliutazama ule mfuko, akatazama kizibao chake, akaanza kukivua.

"Mama, na ya yangu?"

"Vala gilet yako, Docteur," akamwambia. "Mukirudi, nitabawekea bote mufuko."